Hodi kwa Nakijwa

“Wifi, mguu unauma, au umekosa wa kwenda naye?”

Namsifu ndiye aliyeuliza swali hilo, na ndilo lililozaa methali mliyoisikia leo kanisani, wajukuu zangu: Mguu wa mzee huamshwa na hodi. Methali hii ilianza hivi.

Nakijwa, mjane wa kaka yake Namsifu, aliteleza wakati wa masika kwenye mteremko wa kwenda kanisani. Mungu alimhurumia, mfupa haukuvunjika, na tabibu wa zahanati akamwambia atembee kidogo kidogo. Lakini hofu ilikwisha kumwingia. Jumuiya nayo ikamwonea huruma: ibada ya wiki ikahamia kwake, huyu akamletea maji, yule kuni, hata chumvi. Maharage yalipokomaa, Nakijwa alikuwa akishika ukuta ili afike mlangoni.

Mwanawe Eliamini akatuma habari kutoka Moshi: kama mama hawezi kutembea, baada ya mavuno atakuja kumchukua, nyumba ifungwe. Nakijwa akakosa usingizi. Kaburi la mumewe liko nyuma ya migomba, nani atalipalilia? Aliomba sana, ila kila aliposimama aliukumbuka ule mteremko, akaketi tena.

Ndipo Namsifu, aliyekaa nyumba ya pili, akaacha kuleta maji. Akapiga hodi asubuhi kama mgeni, akanywa uji, akaaga.

“Nenda salama,” Nakijwa akasema kutoka kitini.

“Kumbe kwenu mgeni hutoka peke yake, kama kuku aliyefukuzwa?”

“Mguu, wifi.”

Hapo akaulizwa lile swali. Nakijwa akaona haya, maana huko kwetu Upareni kutomsindikiza mgeni ni kumtukana. Akamfikisha kizingitini, jasho likimtoka. Siku zilizofuata wakafika kwenye migomba, halafu kisimani, wakichekana mwendo. Namsifu alipougua homa, Nakijwa hakutoka hata uani.

Homa haijaisha vizuri, Eliamini akafika. Begi la mama likafungwa.

“Mama, simama nikuone.”

Akajaribu, akarudi kitini. Eliamini akainamisha kichwa, akashika begi. Nakijwa akautazama mlango. Saa ya uji ilikuwa imepita zamani.

“Hodi humu,” sauti dhaifu ikaita nje. “Wifi, leo mimi ndiye ninayeuogopa mteremko. Nisindikize kanisani.”

Mguu wa mzee huamshwa na hodi. Nakijwa aliinuka, akajifunga kanga, akampita mwanawe na begi, akatoka kumsindikiza wifi yake.