Fisi, Fundi wa Kung'oa Anemoni

Sogeeni karibu, lakini angalieni msilowe: hadithi hii ina maji ndani yake.

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mbuga ikapauka kama mkeka wa zamani. Swala walihama, nyumbu wakahama, Fisi akabaki na tumbo lake, ambalo halikuwa na habari kwamba kuna ukame. Liliunguruma asubuhi, likaunguruma mchana, na usingizini likalalamika. Kwa hiyo aliposikia Mzee Simba anatafuta fundi, hakuuliza ni fundi wa nini. Alijifunga aproni, akachomeka mkasi nyuma ya sikio, akaenda kupiga hodi.

"Wewe ni fundi wa kazi gani?" Simba akauliza.

"Kwani unataka wa kazi gani, Mzee?"

Simba akampeleka sebuleni. Huko kulikuwa na tangi la kioo, refu kama kitanda, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake matumbawe ya zambarau, manjano na waridi yalipepea kama mashabiki uwanjani. Kasa, rafiki wa familia, ndiye aliyeleta jiwe lenye matumbawe hayo kutoka pwani. Pembeni alikaa Ngedere juu ya baiskeli isiyo na magurudumu, akikanyaga ili pampu ipeleke hewa majini. Hakuna simba mwingine aliyekuwa na kitu kama hicho, na huyu alihakikisha kila simba anajua.

"Tazama pale kwenye kona," Simba alinong'ona, kama anayetaja aibu ya ukoo. "Anemoni."

Fisi akatazama. Juu ya jiwe palikuwa na kitu laini, rangi ya chai ya maziwa, mfano wa ua lenye vidole vingi. Kwa sura kilikuwa kipole kabisa. Kumbe ni mnyama, na vidole vyake vinawasha: kila tumbawe alilolipapasa lilinywea na kupauka.

"Amekuja na jiwe bila kualikwa," Simba akasema. "Na mwezi ukiandama, Chui anakuja kula hapa. Akikuta matumbawe yangu yamekufa, atanicheka mpaka anizike. Mtoe!"

"Na chakula cha fundi, Mzee?"

"Mila ya nyumba hii unaijua. Fundi hula hapa mpaka kazi iishe."

Fisi akatumbukiza mkasi, kacha kacha kacha! Anemoni akawa vipande, vipande vikazama mchangani. Fisi akala paja la nyati, akalamba sahani, akaaga.

Haukupita muda akaitwa tena. Kila kipande kilikuwa kimeota mdomo na vidole vyake. Pale alipokuwa anemoni mmoja, sasa palikuwa na harusi nzima ya anemoni. Fisi alitaka kutoka mbio. Mara akanusa nyama jikoni, na akili yake, ambayo kwa kawaida hulala, ikaamka. Nikiwakata, wanazaa. Wakizaa, naitwa. Nikiitwa, nakula!

"Hawa ni wabishi, Mzee," alisema, uso ameuinamisha asionekane akitabasamu. "Itabidi twende nao polepole."

Basi akawa hachoki. Asubuhi anakatakata, mchana anakula. Akanenepa katikati ya ukame, aproni ikakataa kufungika. "Kazi nzito inavimbisha," aliwaambia majirani. Na kila Simba alipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Kesho namalizia, Mzee. Imebaki kupiga msasa tu."

Matumbawe yakazidi kunywea. Mwezi nao ukakaribia.

Siku moja akaingia Sungura, aliyekuwa akileta chumvi ya tangi kutoka pwani. Akamwamkia Simba, akachungulia kioo, kisha akautazama mkasi wa Fisi.

"Kaka Fisi, huyu ukimkata hafi. Unampanda, kama muhogo."

"Wewe uza chumvi yako, dada! Ufundi una wenyewe."

Sungura akafungua mtungi, akamimina kwenye tangi kamba wadogo wenye milia myekundu na ndevu ndefu. "Mzee, hawa huko kwao anemoni ndiye chakula. Wanamla mzima, hawabakizi kipande. Wewe lala, ukiamka utaona."

Simba, ambaye usingizi wa mchana hakukosa hata siku ya vita, akaenda kulala. Sungura akaenda kunywa maji. Ngedere alisinzia huku miguu ikikanyaga yenyewe.

Fisi akabaki na kamba. Akawatazama wakiwasogelea anemoni, akaona chakula chake cha kesho kinaondoka. Halafu akawatazama tena, akaona chakula cha leo. Duh! Alizamisha mkono mmoja tu.

Simba alipoamka, anemoni walikuwepo wote. "Kamba wako wapi?"

"Wameondoka, Mzee. Nimewaona wakitoka mlangoni na mizigo yao. Hata kuaga hawakuaga."

Sungura akatikisa kichwa kwa upole. "Basi, fundi aendelee. Ila kabla sijaenda, mmesikia ya Kaa? Alialikwa harusini, akaambiwa lazima avae viatu. Akavaa mguu huu, akavaa ule, akavaa ule... alipofikia kiatu cha mwisho, bwana harusi alikuwa ameshapata mjukuu!"

Fisi aliuma midomo. Alibana pua. Alifikiria msiba. Lakini fisi ni fisi: kicheko kilimlipuka, mdomo ukafunguka mpaka masikioni, na katikati ya meno zikaonekana ndevu ndefu nyekundu, zikipepea vizuri kuliko matumbawe.

Ngedere akaacha kukanyaga.

"Fundi," Simba akasema, "hizo ndevu za nani?"

"Zangu, Mzee."

"Zimeota ndani?"

Makucha yakatoka. Sungura akaingilia haraka. "Usimrarue, Mzee! Amekula vibarua, basi afanye kazi ya vibarua. Nao hawatumii mkasi, wanatumia mdomo."

"Dumbukiza kichwa!" Simba akanguruma. "Mzima mzima, usibakize kipande!"

Fisi akadumbukiza. Anemoni wa kwanza alimwasha ulimi, wa pili akamwasha fizi, na waliofuata wakagawana palipobaki. Kila alipoinuka kuvuta pumzi, Ngedere alimshangilia. Alimaliza mdomo umevimba kama mto wa kulalia.

Mwezi ulipoandama, matumbawe yalikuwa yamechanua tena. Chui alisimama mbele ya tangi, akasahau kucheka, na Simba akakua kimo. Mezani nyama ilirundikwa ikitoa moshi. Fundi naye alikaribishwa, na minofu minono akasogezewa yeye. Lakini katika mdomo ule uliovimba, hata mfupa mwembamba haukupita.

"Fundi mbona hali?" Chui akauliza.

"Ameshiba kazi," Sungura akajibu.

Tangu hapo, katika mbuga ile, fundi hulishwa kazi ikishakwisha. Hadithi yangu nayo imekauka. Aliyebaki amelowa ni Fisi.