Kofia ya Zimwi Vinywaviwili

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo? Mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni, masikio mbele, ndimi nyuma.

Hapo kale, juu mlimani ambako umande huganda majanini, aliishi binti mmoja jina lake Semeni. Semeni alipenda kufuma. Alipenda kufuma kuliko kula, kuliko kucheza, kuliko kulala! Sindano zake zilikuwa miiba miwili ya nungu aliyopewa na bibi yake, na uzi wake ulikuwa sufu ya kondoo.

Baba yake, Hoza, akikohoa leo, kesho ana skafu shingoni. Mama akilalamika vidole vya miguu vinamfa ganzi, mara ana soksi. Hata mwanambuzi aliyezaliwa siku ya mvua alifumiwa sweta. Akalitafuna lote!

Na alipofuma, aliimba:

Njoo, uzi, njoo,
Nina wangu wa kuvika,
Njoo, uzi, njoo!

Uzi ukamsikia, watoto wangu! Ukaja wenyewe, ukirukaruka kitanzi hadi kitanzi.

Bibi yake akacheka, "Mke mwenzangu, siku moja utaivika sweta hata nyumba hii."

Basi, siku moja sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia. Semeni alikuwa akifuma zawadi, kila mtu wa nyumbani na yake, kwa siri. Furaha ilimjaa hadi chakula hakishuki. Ila shali ya mama ilikosa rangi nyekundu.

Bibi akasema, "Mizizi ya rangi ipo bondeni. Naenda kukuchimbia."

"Bibi, usiende! Bondeni kuna zimwi."

"Litakula nini kwangu? Mimi mifupa mitupu."

Akabeba jembe lake, akashuka.

Jua likapanda, bibi hajarudi. Jua likasimama utosini, bibi hajarudi. Jua likaanza kuteremka, bibi hajarudi.

Semeni akaacha kufuma. "Amekwenda kwa sababu ya zawadi yangu!" Baba na mama walikuwa shamba la mbali. Hakungoja. Akanyakua kapu la sufu na miiba yake ya nungu, mbio hadi bondeni.

Sasa, zimwi la bondeni liliitwa Vinywaviwili. Kinywa cha mbele kilikuwa kidogo, hakina jino hata moja, kazi yake maneno matamu. Lakini kinywa cha kisogoni, lo! Kilikuwa kipana kama mlango wa zizi, kimejaa meno juu na chini, na hicho ndicho kilichomeza watu wazimawazima.

Semeni akamkuta bibi amefungwa kwenye jiwe, nje ya pango. Mikono imefungwa, ila mdomo haujafungwa.

"Dude wewe, huna haya!" bibi alikuwa akifoka. "Mtu mwenye mvi kama mimi unamfunga kama kuni?"

Zimwi likamwona Semeni. Kinywa cha mbele kikasema, "Karibu, mwanangu. Karibu, asali yangu." Cha nyuma kikasema, "Nyam! Nyam!"

Mara upepo wa mlimani ukavuma. Vuuu!

"Uwiii! Meno yangu!" Zimwi likashika kisogo, likarukaruka kwa mguu mmoja.

Semeni akauliza, "Baridi inakuuma meno ya nyuma?"

"Inaniuma! Inaniuma! Inaniuma! Tangu nizaliwe hakuna aliyenifunika kisogo."

"Nikikufumia kofia, je?"

"Kofia? Yangu mimi?" Zimwi likaruka juu, likatua, mawe yakaporomoka. "Fuma! Fuma upesi! Ukimaliza nitawala nyote wawili, tena bila maumivu ya meno."

"Basi mfungue bibi anisokotee uzi."

Likamfungua. Bibi akanong'ona, "Mke mwenzangu, unajua unachofanya?"

"Wewe sokota tu, bibi."

Bibi akasokota, Semeni akafuma, huku akiimba. Miiba ya nungu ikalia ka-ka-ka! Zimwi likakaa chini mbele yao, likipiga makofi kama mtoto anayengoja kitumbua. Kofia ikakua, ikakua, ikakua, hata ikamshinda Semeni kuibeba peke yake.

"Inama nikuvishe."

Zimwi likainama. Kofia ikakaa utosini.

"Vuta kidogo, upepo unaingia."

Semeni akavuta. Ikafunika masikio.

"Vuta kidogo, upepo unaingia."

Akavuta. Ikagusa meno ya juu.

"Vuta kidogo, upepo unaingia."

Hapo bibi na mjukuu wakashika pindo, wakavuta kwa nguvu zao zote! Kofia ikateremka, ikafunika kinywa cha nyuma chote, hadi shingoni. Semeni akapiga fundo, akapaza sauti:

Kaza, uzi, kaza!
Nina wangu wa kuokoa,
Kaza, uzi, kaza!

Uzi ukakaza. Kinywa cha nyuma kikasema, "Mmm! Mmm!" Cha mbele kikalia, "Nifungulie, asali yangu! Si ulinifumia kwa mapenzi?"

"Nilifuma kwa mapenzi," akajibu Semeni, "lakini ya bibi yangu!"

Zimwi likakwangua kofia kwa kucha. Likikata kitanzi kimoja, uzi unafuma viwili. Likikata viwili, uzi unafuma vinne. Na pumzi ya kinywa cha nyuma ikakosa pa kutokea. Tumbo likavimba, likavimba, likavimba...

Pwaaa! Tumbo likapasuka!

Wakatoka ng'ombe. Wakatoka mbuzi. Wakatoka wawindaji na mikuki yao, na wanawake na mitungi yao, wote wazima, wakipiga vigelegele huku wakitetemeka, maana tumboni kulikuwa na joto na nje kuna baridi.

Mwisho akatoka mzee mmoja mrefu, ameshika fimbo ya kuchungia. Bibi akanyamaza. Bibi, ambaye hata zimwi halikuweza kumnyamazisha!

"Baba Hoza, mume wangu," akasema polepole, "umechelewa sana kurudi."

"Bibi, huyu ni nani?" akauliza Semeni.

"Babu yako. Alipotea na kondoo wake baba yako akiwa bado mtoto wa mgongoni. Nilidhani amekufa."

Mzee akamtazama mjukuu asiyemjua. Alitaka kusema, lakini meno yalikuwa yakimgongana kwa baridi.

Semeni akaruka, akamkumbatia kiunoni. Halafu akarudi nyuma hatua moja, macho yakimng'aa, akang'oa unyasi mrefu wa kupimia sweta.

"Babu! Nyoosha mkono!"

Hadithi yangu imeishia hapo. Ya utamu mezeni, ya uchungu liachieni zimwi. Na ninyi watoto, shikeni hili: kazi ya mikono ukiwafanyia wako kwa moyo, huwafunika baridi, na siku ya shida huwaokoa.