Milioni Kumi na Nane za Chapakazi

Nawaletea kesi, hakimu ni ninyi.

Pale Kilosa palikuwa na timu ya mpira, Chapakazi, na watu watatu walioipenda kuliko nafsi zao. Mama Regina Mkude, mama lishe, alijua kupika wali wa watu kumi ukashibisha ishirini. Mwalimu Anzelm Banzi, katibu wa timu, alikuwa mtu wa neno moja. Akisema ndiyo, mji unaamini. Fidelis Kobelo, beki, alikuwa na mguu wa kushoto usioogopa mshambuliaji yeyote.

Msimu ule Chapakazi ilidaiwa kila kona. Tegemeo lake lilikuwa mkataba na kampuni moja ya vinywaji, nao ulikuwa na masharti: timu ikikosa mechi hata moja, au ikishuka daraja, irudishe fedha zote. Ingezitoa wapi? Ingekufa.

Zilipofika mechi za mikoa ya mbali, nauli hakuna. Mama Regina akachukua hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaiweka rehani benki. "Timu ikisimama mtanilipa," alisema. Timu ikasafiri.

Katikati ya msimu wachezaji wakagoma. Walikuwa wakidai mishahara ya miezi mitano. Hakuna aliyekubali tena kuikopesha Chapakazi. Mwalimu Banzi akaenda kwa mfanyabiashara mmoja, akakopa kwa jina lake mwenyewe. "Timu ikishindwa kulipa, nitafute mimi," alisema, akatia saini. Wachezaji wakarudi uwanjani.

Mechi ya mwisho walihitaji sare tu. Dakika ya sabini goti la Fidelis likateguka, na wachezaji wa akiba walikwisha kuingia wote. Daktari akamwambia, "Toka, kijana. Utaupoteza mguu huu." Fidelis akafungwa bandeji, akarudi. Dakika za nyongeza mpira ukawa unaelekea wavuni, golikipa ameshapitwa. Akajitupa, akauzuia kwa mguu uleule. Uwanja mzima ulisikia alivyopiga kelele. Sare. Chapakazi ikabaki ligini.

Kampuni ikaleta malipo ya mwisho. Wachezaji wakalipwa, ada za ligi zikalipwa, zikabaki shilingi milioni kumi na nane. Nyingine hazingepatikana mpaka mwakani.

Benki ilitaka milioni kumi na nane, ama nyumba ipigwe mnada Ijumaa. Hospitali ilitaka milioni kumi na nane kwa upasuaji, na wiki ikipita goti lingekakamaa, Fidelis asitembee sawasawa tena. Mfanyabiashara naye alikwisha kushinda mahakamani: milioni kumi na nane, ama Jumatatu Mwalimu Banzi aende jela. Wote watatu walikataa nusu.

Wanachama wakakutana Jumatano.

"Mtibuni Fidelis," alisema Mama Regina. "Mimi nitapanga chumba." Kisha akaongeza, "Ila mume wangu nimemzika pale uani."

Fidelis akainuka kwa magongo. "Mama, nimekula kwako miaka sita. Nitatembeaje kwa mguu ulionunuliwa kwa nyumba yako?"

Mwalimu Banzi alikuwa ameinamisha kichwa. Binti yake, Sesilia, akasimama badala yake.

"Shikamooni, wazee wangu. Baba hatasema, anaona aibu kudai. Lakini mama yetu hayupo. Baba akifungwa, mimi na wadogo zangu tutabaki na nani?"

"Sesilia, kaa chini, mwanangu," Mwalimu alisema polepole.

Kura zikapigwa mara tatu, na mara zote tatu zikalingana. Mwenyekiti alipoita ya nne hakuna aliyenyoosha mkono. Watu wazima walikuwa wakilia.

Bila ile nyumba, timu isingesafiri. Bila ile saini, isingecheza. Bila ule mguu, ingeshuka. Fedha zipo mezani, na zinamtosha mmoja tu.

Haya, wenzangu mnaonisikiliza: mngempa nani? Na wale wawili waliobaki, mngewatazama usoni mkawaambia nini?