Jozi Moja ya Glavu

Haya, sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina kipa, na kipa mwenyewe yuko matatani.

Katika mji mmoja wa Hungaria aliishi Vilmos, aliyeidakia timu ya mji huo mpaka akaitwa timu ya taifa. Klabu yake ina desturi: kipa anapostaafu, huvua glavu katikati ya uwanja na kumkabidhi mtu aliyemfanya awe kipa. Glavu hizo hutundikwa kwenye lango la kuingilia uwanjani pamoja na jina la mtu huyo, na haziondolewi tena. Sasa, waliomfanya Vilmos awe kipa ni watatu. Dada yake alikuwa na shuti kali, kocha wake alikuwa na jicho, na mwenzake Tibor alikuwa na moyo.

Dada yake aliitwa Ilka. Kwao walifuga mabata bukini, na goli lao lilikuwa mlango wa banda. Mpira ukigonga mlango, mabata walishtuka wakagoma kutaga, na baba aliuchana mpira kwa kisu. "Usipodaka, leo hatuna mpira!" Ilka alimwambia mdogo wake, kisha akapiga kwa nguvu zake zote. Soka alilijua kumshinda Vilmos, ila kijijini hapakuwa na timu ya wasichana. Baba alipougua, Ilka alibaki na mabata ili Vilmos aende mjini. Stesheni, Vilmos akamwambia huku akilia, "Dada, glavu zangu za mwisho ni zako."

Mjini akampata kocha Bodnar. Siku moja Vilmos alifungwa goli la kizembe, mpira ukapita katikati ya miguu yake, na uwanja mzima ukamcheka. Viongozi wakataka atimuliwe. "Akiondoka yeye, naondoka na mimi," Bodnar alisema. Akamfundisha asiutazame mpira, autazame mguu ambao mpigaji ameusimamia, maana ndio unaoonyesha mpira utakwenda wapi. Somo lilichelewa kuingia, timu ikazidi kufungwa, na aliyetimuliwa ni Bodnar. Hakuna klabu iliyomtaka tena. Vilmos alimkimbilia getini, akamshika mkono: "Kocha, glavu zangu za mwisho ni zako."

Baada ya hapo Tibor ndiye aliyekuwa kipa namba moja, na Vilmos kipa wa akiba. Siku ya mechi na mabingwa, kocha wa timu ya taifa alikuja kutafuta kipa. Tibor alikuwa mzima kabisa, lakini akashika bega na kujifanya ameumia. "Ingia wewe, mdogo wangu," alinong'ona. "Mimi nitapata siku nyingine." Dakika za mwisho ikatolewa penalti. Vilmos akautazama mguu wa mpigaji, akaruka kama alivyokuwa akiruka mbele ya banda, akadaka. Akaitwa timu ya taifa. Ile siku nyingine ya Tibor haikuja kamwe. Alimalizia maisha yake ya soka benchi. Mnadhani Vilmos alimwahidi nini? Hicho hicho. Na hakuwa mwongo, jamani. Kila alipoahidi, shukrani ilimjaa hata akawasahau wengine.

Sasa miaka imepita, na kipenga cha mechi yake ya mwisho kimelia. Vilmos amevua glavu. Jukwaani Ilka amesimama, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya leo. Bodnar amesimama, kofia mkononi. Tibor naye amesimama. Wanatazamana, na hapo ndipo kila mmoja anapoelewa. Hakuna anayeketi.

"Vilmos, tutajie jina!" mtangazaji anasema kwenye kipaza sauti.

Kugawa haiwezekani, desturi inataka jozi nzima, mtu mmoja. Vilmos anawapenda wote watatu, na wawili kati yao lazima awaumize mbele ya mji mzima.

Je, wewe ungemtaja nani? Na wale wawili wakikujia wakuulize, "Mbona uliniahidi?", ungewajibu nini?