Pepo Mwenye Mama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado wanaombwa ruhusa kabla ya kuchinjwa, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na Bibi Nyevu, mganga wa pepo. Mtu akipandwa na pepo, Bibi Nyevu huletwa na ngoma yake, ti-ndi! ti-ndi! Huzungumza na pepo mpaka aseme anataka nini. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, halisikii hata radi. Basi mtu akianza uongo, bibi humgeuzia sikio hilo, amwache aseme mpaka achoke. Mpaka leo kwetu mwongo huambiwa, "Liambie sikio la Nyevu."

Kijijini humo alikaa Chengo, fundi wa kuezeka, mtu mzima mwenye ndevu zake. Alikaa na mama yake, Mbodze. Baba alikwisha kufa. Mama na mwana, mafiga matatu, chungu kimoja. Mbodze hali bila Chengo, Chengo hali bila Mbodze.

Ng'ambo ya kijito walikaa Waislamu wachache na mwalimu wao, Maalim Shali. Msikiti wao ulivuja, wakamwita Chengo auezeke. Kwaru, kwaru, akapanga makuti. Lakini kila walipoingia kuswali, mikono ilimlegea huko juu. Anasikiliza. Wakiinama chini, naye anainama juu ya paa, nusura aanguke! Kazi ya siku kumi ikala mwezi na siku zake. Maalim Shali akatazama juu, akasema, "Chengo ndugu yangu, upande huo umeuezeka mara tatu."

Moyo ulikuwa umekwisha kupenda. Chengo alitaka kusilimu, na alilijua hilo kama mtu anavyoijua njaa yake. Ila mtu wa kijiji kile akisilimu, hali tena nyama ya kuchinjwa na asiye Mwislamu. Waliomtangulia walijinunulia vyungu vyao, wakala peke yao. Chengo akamwaza mama yake mbele ya chungu, hana wa kumpakulia. Aseme, asiseme? Akalala nalo, akaamka nalo. Aseme, asiseme? Akanywa nalo uji.

Akamwendea Maalim. "Maalim, nisemee kwa mama. Mwambie wewe ndiye uliyenitaka."

Maalim Shali akacheka. "Nimwambie mama yako uongo? Shahada hutamkwa na mwenye ulimi wake, Chengo. Na mama ni wako. Nenda kazungumze naye."

Mwanamume na ndevu zake, akaogopa! Akatafuta njia ya mkato. Siku zile pepo nao walikuwa na dini zao. Ukipandwa na pepo wa Kiislamu, na pepo akasema, "Nataka huyu asilimu," basi unasilimu, yameisha. Hakuna mama wa kulaumu, hakuna mjomba wa kununa. Si wewe, ni pepo. Mmeona alikokuwa anaelekea?

Asubuhi mama anapepeta mahindi, Chengo akajitupa uani. Puuu! Akagaagaa. Alichagua mahali pasipo na mavi ya mbuzi, lakini aligaagaa. Akaikoromesha sauti yake, "Mimi ni pepo! Nataka huyu asilimu!"

Mbodze akatupa ungo, mahindi yakamwagika, mbio kwa Bibi Nyevu.

Bibi akaja na ngoma. Mjomba Dzombo, kaka yake Mbodze, akaja na fimbo. Maalim Shali akaja kumjulia hali mgonjwa. Majirani wao hawakuitwa, walijileta. Ubani ukawekwa motoni, moshi ukatanda. Ti-ndi! Ti-ndi!

"Pepo, hujambo?"

"Sijambo."

"Watoka wapi?"

"Mbali. Baharini, chini kabisa."

"Mbona hujalowa?"

Pepo akagaagaa tena. Watu wakabana vicheko. Bibi Nyevu akamgeuzia sikio la kushoto.

"Wataka nini?"

"Asilimu."

"Na nini tena? Wenzako huomba. Kanzu? Marashi? Halua?"

"Sitaki kitu."

"Pepo asiyetaka halua! Leo tumepata mgeni."

Hapo moshi ukageuka, ukamfuata Mbodze alipoketi. Koho, koho! Koho, koho! Na pepo, macho kayafumba vilevile, akasema, "Mama, sogea huku, moshi utakuumiza kifua."

Ngoma ikanyamaza.

Bibi Nyevu akageuza kichwa polepole, sikio la kulia likaja mbele. "Nimezungumza na pepo wa bahari," akasema, "na pepo wa mlimani, na pepo wa makaburini. Sijapata kuona pepo mwenye mama."

Lakini hakumwumbua. Akamgeukia Maalim Shali. "Pepo anataka kusilimu, tusimnyime. Msilimishe pepo, Maalim, uende naye. Chengo tuachie sisi, abaki kama alivyokuwa."

"Naam!" Mjomba Dzombo akapiga fimbo chini. "Pepo aende zake!"

Maalim alikwisha kuelewa. Akajikohoza, akauliza, "Haya, pepo, tukupe jina gani?"

Loo! Chengo pale chini, vumbi puani. Akinyamaza, pepo ataondoka na Uislamu wake, na kesho nani atamsikiliza? Aseme, asiseme? Aseme, asiseme?

Akainuka. "Hapana pepo! Ni mimi! Ni mimi Chengo ninayetaka, kwa moyo wangu!" Machozi yakamtoka mbele za watu. "Mama, niliogopa utakula peke yako."

Mjomba Dzombo akainua fimbo. Bibi Nyevu akaizuia kwa mkwiro wa ngoma. "Huyu anayesema sasa ana mama, Dzombo. Mwache mama ajibu."

Mbodze akamtazama mwanawe. "Paa moja umeliezeka mara tatu, ukadhani mimi sijui? Nilikuwa nangoja uniambie. Sasa mahindi yangu yamemwagika kwa ajili ya pepo asiyekuwapo!"

Akaingia ndani. "Amekwenda kulia," akanong'ona Mjomba. Kumbe! Mbodze akatoka na jogoo kwapani na kisu mkononi.

"Maalim, msilimishe huyu mwenye ndevu, kisha umfundishe kuchinja. Tangu leo kuku wa nyumba hii atachinja yeye. Chungu changu nitakisugua. Chungu cha pili sinunui!"

Chengo akatamka shahada palepale uani, kwa ulimi wake, mama yake akisikia. Kisha akashika kisu, jogoo akamponyoka mara mbili, ko-ko-ko-koo! Mbodze akasugua chungu kwa mchanga mpaka kikalia. Wakala pamoja. Mjomba Dzombo aliapa kwamba haonji. Alikula paja.

Bibi Nyevu akafunga ngoma yake, akasema, "La moyoni mwako lisemee kwa kinywa chako. Ukimtuma pepo, majibu atapewa pepo."

Nami nilipita uani pale, nikaokota mahindi mawili matatu, nikaja nayo. Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye chungu kimoja.