Jaji Asiye na Masikio

— Ngano, ngano.
— Ije na pembe, ije na mkia.
— Na ikija ya uwongo je?
— Ipewe maji ya kunywa, ikae.
— Basi ipeni maji, maana imeshafika, tena haina raha.

Hapo zamani, si zamani sana, zamani ya kanda na redio, palikuwa na barabara iliyokatikia msituni. Wajenzi waliifikisha hapo, wakakunja mahema, wakaenda zao, na hakuna aliyesema kwa nini. Waliacha vitu vitatu: lundo la kokoto, kalvati la zege la kupitisha maji chini ya barabara, na redio kaseti yenye gunia la kanda tupu. Kwenye lile kalvati ndege hawakutua. Jua likiwa utosini, kalvati lilitoa hewa ya baridi, na mwenye akili zake hakuuliza baridi hiyo inatoka wapi.

Wanyama wakaichukua redio. Nyani akagundua kwamba kitufe chekundu kinarekodi. Haukupita msimu mmoja, karibu kila mnyama ana albamu yake ya hip hop. Ngiri alitoa *Magoti Chini*. Kanga alitoa *Madoa Elfu*. Digidigi alitoa *Miguu Myembamba*, nyimbo sita tu, fupi fupi, maana akiogopa pumzi humwisha, naye anaogopa siku zote. Betri zikichoka walizianika kwenye kokoto. Kanda ikifika mwisho, Nungunungu alichomoa mwiba mmoja mgongoni akairudisha taratibu, krii, krii, krii, ili betri zisiliwe bure.

Na kila adhuhuri walikusanyika kwenye kokoto kubishana: albamu ipi ni bora kuliko zote tangu dunia iumbwe?

"*Magoti Chini*," alisema Ngiri.

"Yako hiyo?" alisema Kanga. "Mwenzangu, ule si muziki. Ule ni mtu amekabwa na muhogo."

"Afadhali muhogo. Wewe biti zote umemwibia Kasuku."

"Albamu bora zilikwisha kabla hamjazaliwa," alisema Kobe. Kila siku alisema hivyo hivyo, na kila siku hakuna aliyemjibu.

Walikubaliana jambo moja tu, kwamba hawana jaji. Mwenye masikio ana albamu anayoipenda, na mwenye albamu anayoipenda haaminiki.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miongoni mwao alikuwepo pimbi mmoja wa kike, Sikudhani, kadogo, kasiko na mkia, na mdogo wake wa kiume, Chonge. Mama yao alichukuliwa na tai, basi Sikudhani alimlea Chonge kwa majani na maneno makali. Hakuwa na mwingine duniani. Na Chonge alikuwa na albamu, *Jabali Langu*, nyimbo tisa. Niwaambie ukweli, ilikuwa mbaya. Wimbo wa tatu ulikuwa mbaya kupita yote, ulisema hivi:

*Jiwe ni jiwe, na jiwe ni jiwe,
ukikalia jiwe, umekalia jiwe.*

"Neno moja mara sita," Sikudhani alimwambia. "Albamu yako ni ya kumi na moja."

"Albamu zenyewe ziko kumi na moja, dada."

"Ndiyo maana yake."

"Wimbo wa tatu una uzito. Huusikii uzito wake?"

Walibishana hivyo tangu asubuhi hadi jioni, na mtu mwingine yeyote akithubutu kuusema vibaya ule wimbo, Sikudhani alimng'ata.

Adhuhuri moja wakiwa wanabishana, kalvati likapumua. Fuuuuu. Kikatoka kichwa, ikatoka shingo, na shingo haikuisha. Alikuwa Chatu. Kichwa kilifika kwenye kokoto, mkia bado uko ndani.

"Nasikia mna shida ya jaji," alisema Chatu, polepole. "Nitazameni. Mnaona sikio?"

Wakamtazama upande huu, wakamtazama upande ule. Hana.

*"Sikio sina, upendeleo sina,
tumbo langu ndilo litakalotoa jina,"* alisema Chatu. "Nalaza tumbo ardhini, mdundo unaingia, nahukumu. Mshindi anaingia nyumbani kwangu kuvishwa taji."

Wanyama wakashangilia. Jaji asiye na masikio, wakasema, huyo hawezi kupendelea. Ndiyo akili ya mwenye albamu, jamani, msiicheke, na ninyi mnayo.

Siku ya kwanza redio ikawekwa kwenye kokoto. Du-du-ka, du-du-ka. Chatu akalaza tumbo. Macho yake hayakupepesa.

"Sikio sina, upendeleo sina, tumbo langu limetoa jina: Ngiri."

Ngiri akaingia kalvatini, mkia juu. Chatu akamfuata. Ngiri hakutoka. Baada ya kitambo ikasikika sauti yake ndani, anafoka albamu nzima tangu wimbo wa kwanza, lakini kwa mbali, kama aliyejifunika blanketi mdomoni.

"Anastarehe huyo," alisema Kanga kwa wivu. "Na wala hakustahili."

Siku ya pili, du-du-ka, du-du-ka. Sikio sina, upendeleo sina, tumbo langu limetoa jina: Kanga. Kanga akaingia. Kanga hakutoka. Zikasikika sauti mbili.

Siku ya tatu, du-du-ka, du-du-ka. Sikio sina, upendeleo sina, tumbo langu limetoa jina: Digidigi. Digidigi akaingia akitetemeka. Digidigi hakutoka. Zikasikika sauti tatu, na hakuna hata mnyama mmoja aliyeuliza mbona hawatoki. Waliuliza mbona wameshinda wao.

Siku ya nne, du-du-ka, du-du-ka. Chatu akainua kichwa.

"Tumbo langu limetoa jina: Chonge."

Sikudhani akahisi baridi kuanzia kwapani. Alimpenda mdogo wake kuliko macho yake, lakini masikio alikuwa nayo. *Jabali Langu*, namba moja? Na wimbo wa tatu ule? Akajua hapo hapo kwamba jaji huyu hasikilizi chochote. Anachagua nyama.

"Chonge, usiingie," alisema, akamkamata mguu.

Chonge alikuwa analia kwa furaha. "Umeona, dada? Uzito," alisema, akaponyoka, akaingia. Chatu akamfuata na mwili wake ukaziba mlango.

"Anawala," Sikudhani aliwaambia wenzake.

"Wivu huo," alisema Nyani. "Mdogo wako kashinda, umpongeze."

Wakatawanyika. Sikudhani akabaki mlangoni pa kalvati peke yake, akisikiliza. Na kadiri alivyosikiliza ndivyo manyoya yalivyomsimama. Ngiri alikuwa na nyimbo kumi na mbili, sasa alirudia tano tu. Kanga alikuwa na kumi na nne, sasa alirudia nane. Nyimbo zilikuwa zinayeyuka. Tumbo la Chatu, kama wasikilizaji wote, lilianza na zile nzuri. Na kila wimbo ulipoyeyuka, mwenyewe alisahau kitu: kwanza jina la mama, halafu jina lake, halafu kwamba yumo tumboni. Sikudhani akaelewa kwamba wimbo wa mwisho ukiisha, na mwenye wimbo ameisha.

Kufika adhuhuri ya siku ya tano, Chonge, mdogo kuliko wote na mwepesi wa kuyeyuka, alikuwa amebakiwa na wimbo mmoja. Mnaujua ni upi.

*Jiwe ni jiwe, na jiwe ni jiwe.*

Sikudhani akaingia kalvatini.

Mlikuwa na unyevu, na harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu. Chatu alikuwa amelala akiujaza ukuta mmoja wote. Mwilini mwake mlikuwa na vinundu vitatu vikubwa, na vyote vilipanda na kushuka kwa mdundo. Mbali kabisa, karibu na mkia, kilikuwepo kinundu cha nne, kidogo. Chonge kwa udogo wake alikuwa ameteleza hadi huko. Hicho hakikucheza.

"Shikamoo, Mzee Chatu."

"Marahaba. Umeleta albamu?"

"Sina albamu. Mimi ni msikilizaji tu."

"Msikilizaji," alisema Chatu, kama anayeonja neno. "Sogea karibu."

"Nasogea, mzee. Ila nina swali, huko nje linawasumbua. Kati ya hizo nne ulizo nazo, ipi ni bora kuliko zote?"

"Zote ni zangu."

"Hilo halina ubishi. Lakini wanasema namba moja ni Ngiri, na kwamba Kanga alibahatisha tu."

Alilisema hilo kwa sauti kubwa, mdomo wake ukiwa karibu na kinundu cha pili. Nyimbo zikakatika.

Halafu ndani ya tumbo mtu akauliza, "Nani kasema?"

"Wanasema tu," alisema Sikudhani.

"Nani kasema nimebahatisha? Mimi ni Kanga. Mimi nina nyimbo kumi na nne." Na alipotaja kumi na nne, akaanza kuzikumbuka, moja baada ya nyingine.

"Kumi na nne za wizi," ikajibu sauti ya Ngiri, na akakumbuka kwamba yeye ni Ngiri. "Biti za Kasuku zote."

"Toka hapa, muhogo."

"Kwani mimi hamnihesabu?" ikauliza sauti ya Digidigi.

Du. Tumbo likaruka. Chatu, ambaye sikio lake ndilo hilo hilo tumbo, hakuwa amewahi kusikia kitu kikubwa kiasi kile. Kichwa kilimzunguka.

"Waambie wanyamaze," alisema.

"Wanataka hukumu, mzee. Wewe si jaji? Hukumu."

"Ngiri," alisema Chatu.

Kanga akadonoa. Ko-ko-ko-ko.

"Basi Kanga."

Ngiri akachoma kwa pembe. Chomo, chomo.

"Basi Digidigi."

Hata Digidigi mwenyewe aliona hiyo si kweli, akaogopa, akapiga kwato zote nne. Ta-ta-ta-ta.

"Basi nyote sare," alisema Chatu.

Ndugu zangu, mwenye albamu mtukane, mpige, mfiche kanda zake, lakini usimwambie sare. Wote watatu walipiga teke kwa pamoja. Chatu akaachama. Uwaaaak. Akatoka Digidigi. Uwaaaak. Akatoka Kanga, kichwa hakina unyoya hata mmoja, na hadi leo hakijaota. Uwaaaak. Akatoka Ngiri, akasimama juu ya taya la chini la Chatu akiendelea kumbishia Kanga, wala hakutambua amesimama wapi.

Lakini kinundu cha nne kilikuwa pale pale mkiani. Sikudhani akakimbia hadi huko.

"Chonge."

Kimya.

"Chonge, ni dada."

Kwa mbali mno ikaja sauti nyembamba. *Jiwe ni...* Ikakatika, haikuendelea.

Sikudhani akaogopa, akaogopa kweli, machozi yakamtoka. Akaweka shavu kwenye ile ngozi ya baridi akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema. "Albamu yako ilikuwa nzuri, mdogo wangu. Ya kwanza. Nyimbo zote zilikuwa nzuri."

Ngozi ilianza kulainika pale palipokuwa na kinundu.

Akafuta machozi. "Nimekudanganya," alisema. "Ni ya kumi na moja. Na wimbo wa tatu ni takataka."

Kimya. Halafu:

"Una... uzito."

"Hauna."

"Unao." Kinundu kikasogea hatua moja.

"Neno moja mara sita, Chonge. Hata chura ana maneno mawili."

"Mara sita kwa makusudi." Kikasogea hatua nyingine.

"Makusudi gani? Ulikosa kina."

"Sikukosa, dada. Wewe husikilizi. Hujawahi kusikiliza." Hatua nyingine, na nyingine.

Sikudhani akarudi nyuma polepole kandokando ya Chatu, akibisha, na ndani kinundu kikamfuata, kikibisha, hadi shingoni, hadi kooni, hadi mdomoni ambako Ngiri alikuwa bado amesimama. Chonge akadondoka chini, amelowa, mwili hauna manyoya, anasema, "Uzito si idadi ya maneno."

Wakatoka wote juani. Chatu alibaki ndani, mwembamba, hana nguvu ya kufunga mdomo.

Chonge alikuwa amebaki na wimbo mmoja. Zile nane zimekwenda, hakukumbuka hata majina yake. Basi Sikudhani akaketi naye jabalini akamwimbia zote. Alizijua zote kwa moyo, kila mstari, kila pumzi, hata pale Chonge alipokosea mdundo, naye akapakosea vile vile. Jua lilikuwa linashuka alipomaliza.

Chonge alisikiliza hadi mwisho, amekunja uso. "Hizo ni zangu kweli?"

"Zako."

"Mbona mbaya hivyo?"

"Una wazimu?" alisema Sikudhani. "Ule wa saba huuoni? Ule wa tano una uzito wa ajabu." Akaanza kumbishia, na alikuwa anamaanisha.

Zile nane hazikupotea moja kwa moja. Ukipita kwenye kalvati adhuhuri, Chatu amelala ndani anazifoka, kwa sauti ya pimbi mdogo, hajui ni za nani, na hakuna wa kumwambia kwamba ni mbaya.

Basi funzo lenyewe ni hili, nanyi mlishike. Msibishane juu ya muziki, kwa kuwa ubishi haujawahi kumsaidia mtu. Ukiwa na ndugu, msifu kila anachoimba, umwache akae kimya. Na mkitafuta jaji, tafuteni asiye na masikio.

— Ngano nimeitua.
— Imetua wapi?
— Mlangoni pa kalvati. Mwenye ubishi akaichukue.