Kwaya na Injini Iliyozibwa

Ukiziba sauti, acha pumzi. Mzee Bakena aliitamka methali hiyo alipowakuta vijana wa karakana wakibandika sponji katika chumba cha injini ya mashua. Walipomwuliza ilikotoka, aliweka nyundo chini. Chanzo chake ni msiba mmoja, akasema, nao ulikuwa hivi.

Mwalimu Leopold Gwimo aliongoza kwaya ya parokia moja mwambao wa Ziwa Tanganyika. Miaka mitatu mfululizo kwaya yake ilishika nafasi ya pili katika mashindano, naye aliiona nafasi hiyo kama doa kwenye kanzu nyeupe. Safari ya kwenda kushindana ilichukua saa saba, na kwa saa hizo zote injini ya dizeli ilinguruma hata mazoezi yakashindikana. Mwaka wa nne aliapa kuinyamazisha. Aliyakata magodoro mabovu ya sponji ya bweni la parokia, akayabandika kwa gundi kwenye kuta na chini ya kifuniko cha chumba cha injini. Sauti ilipozidi kupenya katika matundu mawili ya hewa, aliyashindilia matambara.

Ntakije, fundi wa mashua ile, alimwendea taratibu.

“Mwalimu, injini inakula hewa kama sisi. Na sponji hilo likigusa bomba la moshi, litawaka.”

“Ntakije, ukiimba wewe mbuzi wanahama malisho. Leo unifundishe mimi habari za sauti?”

Waimbaji walicheka, na Ntakije akacheka nao. “Sauti ni yako, Mwalimu. Mimi naomba pumzi. Niachie tundu moja tu.”

Mwalimu alikataa. Tundu moja, alisema, lingetosha kuharibu kazi yote.

Waliondoka asubuhi. Kwa mara ya kwanza Gwimo alizisikia sauti nne za kwaya yake zikisimama wima juu ya maji, akajua moyoni kwamba mwaka ule ushindi ulikuwa wao. Saa ya tatu ya safari Ntakije alinusa harufu ya kuungua, akafungua kifuniko na kushuka. Ngurumo ikaukata wimbo. Gwimo, mkono ukiendelea kuongoza, alikirudisha kifuniko kwa mguu, akatia komeo ili kisitetereke. Alikusudia kumfungulia wimbo ukiisha.

Wimbo ulikuwa na beti sita. Katika ubeti wa nne alisikia mdundo hafifu chini ya miguu yake. Alidhani ni watu wa besi wanapiga miguu, akawakunjia uso. Mdundo ukakoma, naye akaridhika.

Moshi mweusi ulipopenya kwenye maungio ya mbao, injini ilikuwa imezimika yenyewe. Walifungua komeo, wakaufunika moto kwa mablanketi mabichi. Ntakije hakuwa ameungua. Moshi wa sponji ndio uliomuua. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya tundu la hewa, umeshika tambara alilokwisha kulivuta nusu.

Msibani, mjane wake alimwuliza Mwalimu swali moja.

“Hakuita?”

“Aliita, Mama Sefania.”

“Mkamsikia?”

Gwimo angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angempinga. “Nilimsikia mimi. Nilidhani ni watu wa besi wananiharibia wimbo.”

Mama Sefania aliinuka, akamwacha pale alipokaa.

Gwimo hakuongoza kwaya tena. Alijifunza useremala wa mashua, akawa anaziba injini kwa sufi ya nyuzi za kioo isiyoshika moto, juu yake bati, mbali na bomba la moshi. Hewa aliipitisha katika mfereji wa mbao wenye kona: sauti hugonga kona ikachoka, hewa ikapita. Komeo hakulitia kamwe. Na kila mwenye mashua aliyemtaka aongeze ukimya kidogo, alimjibu kwa maneno ambayo leo ni methali.

Mzee Bakena aliokota nyundo yake. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kulibandua sponji, bila kuambiwa. Ukiziba sauti, acha pumzi.